Edita gani? Kwanza niambie ramu yako

Kila wiki hakosi mtu inbox, "kaka mambo, edita gani nzuri ya kuanzia kodi" (kodi ya programu, sio ile ya TRA, na edita ndo programu ya kuiandikia) na mimi swali langu ni moja tu, mashine yako ina ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) giga ngapi? Wengine wananuna, wanahisi nawapima mfuko.

Sasa sikieni. Mi nilianza na laptopu ya mtumba ya Kariakoo, giga 4, hadidisiki ile ya zamani inayokwaruza. Nikashusha VS Code kwa sababu ndo niliyokuwa naiona kila video, ya bure, Microsoft waliitoa 2015, na edita yenyewe haina ubaya. Ila imejengwa juu ya Electron, mfumo wa kutengenezea programu kwa injini ya Chrome, yani ukiifungua ni kama umewasha Chrome nyingine kwa ndani, halafu mimi na ushamba wangu nikaijaza ekstensheni (viongezo) kama 30, mara za rangi mara za aikoni za folda, na Chrome yenyewe iko wazi na matabu yake. Naandika mstari herufi hazitokei, naenda kuchota maji, narudi ndo inamalizia neno. Feni inalia mpaka bimkubwa anauliza toka chumba cha pili, "we mtoto unasaga nini humo?"

Nikahamia Sublime Text. Hiyo imeandikwa kwa C++, unabofya imeshafunguka, mara moja moja inakukumbusha ununue leseni, basi. Nilikaa nayo kama miaka miwili, sina kinyongo. Edita ya Atom nayo niliipenda sura ila GitHub walioitengeneza waliifunga Desemba 2022, na kichekesho ni kwamba hiyo Electron ilizaliwa kwa ajili ya Atom, mama kafa mtoto anatamba kwa jirani.

Vim sasa, hiyo sikuichagua. Saa 5 usiku saiti ya mteja imelala, naingia kwenye seva (kompyuta inayobeba saiti) kwa terminali, huko hakuna madirisha wala mausi, nakutana na Vim. Naandika haiandiki, natoka haitoki, nikaifunga terminali nzima nikakimbia kama mwizi. Kesho yake ndo nikajua unabonyeza i kwanza ndo uandike, na kutoka ni Esc halafu :q!

Siku nyingine nikaifungua tupu bila faili, katikati ya skrini pana ombi la kusaidia watoto maskini wa Uganda. Nilishaliona mara kibao sijawahi kulisoma. Nikaandika :help iccf, kumbe aliyeitengeneza, Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mara ya kwanza 1991, mwaka 1994 alijitolea mwaka mzima Kibaale huko Rakai, sehemu ambayo ukimwi uliacha yatima wengi, basi akaamua Vim iwe ya bure ila ukiipenda changia wale watoto. Mi kwetu Bukoba, Rakai ni kuvuka mpaka wa Mutukula tu! Jamaa alifariki Agosti 2023 na lile ombi nililikuta bado lipo.

Siku hizi nimeongeza ramu, nimerudi VS Code na ekstensheni 4 tu, kwenye seva ni Vim.

Yule wa juzi kajibu ana giga 2. Nikamwambia aanze na Notepad++, edita nyepesi, kanibloku.