Siku niliyoitaja Kilwa mbele ya watu wa Champagney

Aliyenipeleka Champagney ni kaka mmoja wa Bukavu, Kongo. Si ndugu wa damu, lakini ughaibuni ukimpata mtu wa kukupa pole kwa Kiswahili, hata kama chake na chako havifanani, undugu umeshakamilika. Mimi nilikuwa mgeni Belfort, mashariki ya Ufaransa, yeye amekaa huko mpaka baridi imemzoea. Akaniambia kuna mji mdogo jirani ambao wakulima wake walimwandikia mfalme juu yetu.

"Juu yetu akina nani, kaka?"

"Sisi, dada. Batu beusi."

Nilidhani ananitania. Jumamosi moja tukapanda gari lake, na hata nusu saa haikufika. Champagney una watu wasiofika 4,000, uko chini ya milima ya Vosges, na ukipita bila kusimama utakumbuka misitu, ng'ombe na mnara wa kanisa. Tulichofuata ni jumba la makumbusho liitwalo Maison de la Négritude et des Droits de l'Homme, yaani Nyumba ya Weusi na Haki za Binadamu. Lilianzishwa mwaka 1971 na mwenyeji wa hapo, René Simonin, aliyeliibua upya andiko la wazee wake, na Léopold Sédar Senghor, wakati huo rais wa Senegal, akakubali kuwa mlezi wake.

Andiko lenyewe ni la 1789. Hazina ya mfalme Louis XVI ilikuwa imekauka, akaitisha baraza la wawakilishi wa nchi nzima, na kila parokia ikatakiwa kuandika daftari la malalamiko. Maelfu kwa maelfu ya madaftari yaliandikwa, na mengi yanalia kilio kimoja: kodi ya chumvi, kuni, ushuru wa mabwana wenye ardhi. Haki yao. Watu wa Champagney nao walilia hayo hayo. Ila tarehe 19 Machi, walipofika kifungu cha 29, wakaacha shida zao na kuanza kuzungumzia watumwa weusi wa makoloni.

Kifaransa changu wakati huo kilikuwa cha kununulia mkate tu. Kaka akasimama mbele ya maandishi, mikono nyuma kama mwalimu wa zamu, akawa ananisomea kipande kwa kipande. Wanasema hawawezi kufikiria mateso ya watu weusi bila moyo kujaa uchungu, maana ni binadamu wenzao na ndugu zao wa dini, nao wanatendewa vibaya kuliko punda wa mizigo. Wanasema mtu angetafakari kidogo tu asingethubutu kutumia mazao ya makoloni, kwa kuwa yamemwagiliwa damu. Kisha kaka akanyamaza, akarudia mstari kimoyomoyo, akanigeukia.

"Dada, banasema banaogopa batoto batakuya nyuma batabaita bala batu."

Wala nyama za watu! Nikacheka kwa sauti, mzee mmoja aliyekuwa chumba cha pili akachungulia. Bibi yangu kule Kilwa Kivinje alikuwa akitutisha na mumiani ili tusizurure magharibi, na katika hadithi zake mumiani hakuwahi kukaa akajiuliza watu watamwita nani. Hawa walijiuliza, na walikuwa wakulima wa milimani ambao yumkini wengi wao hawakuwahi kumwona mtu mweusi ana kwa ana.

Basi walitoa wapi wazo? Mama aliyekuwa akituongoza, mtu mzima mwenye miwani ya kuning'iniza shingoni, alitueleza habari za Jacques-Antoine Priqueler, mzaliwa wa Champagney aliyekuwa askari katika walinzi wa mfalme. Huko alisikia mijadala ya waliopinga utumwa, akaileta nyumbani. Inasimuliwa kwamba aliwaonyesha wenzake picha iliyomo kanisani mwao, ya mamajusi wakimsujudia mtoto Yesu. Mmoja wa mamajusi ni Balthazar, mweusi. Yaani sura waliyokuwa wakiiona kila misa ndiyo hiyo inayouzwa. Sijui kama mambo yalikwenda hivyo hasa, lakini kama nami ningetaka kumweleza mtu asiyewahi kutoka kijijini kwake, ningeanzia hapo hapo.

Mama yule akaniuliza natoka wapi. Tanzania, nikamjibu, kisha nikaongeza: Kilwa. Hakuijua. Nikamwomba kaka anitafsirie vizuri bila kuruka kitu, kwa sababu hili nilikuwa nalo moyoni tangu tulipoingia.

Nikamwambia kuwa mwaka 1776, miaka 13 kabla ya daftari lao, Mfaransa aitwaye Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na sultani wa Kilwa wa kupatiwa watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa piasta 20, sarafu za fedha za wakati huo. Sultani wetu naye alipata zawadi yake, piasta 2 kwa kila kichwa. Hilo sikulificha, ingawa kaka alinikanyaga mguu. Watu hao walipelekwa Île de France, ambayo leo ni Mauritius, kulima wakiwa watumwa kama wale wale waliotetewa na Champagney. Nilipokwenda magofu ya Kilwa Kisiwani na shule, tulielezwa habari za Ibn Battuta, Husuni Kubwa na Msikiti Mkuu. Morice nilikuja kumsoma mwenyewe ukubwani.

Mama akavaa miwani, akachukua karatasi mezani na kuniomba nimwandikie. Nikaandika Kilwa, Morice, 1776. Akayasoma kwa sauti, "Kiloua", akaniuliza kama ndivyo. Nikamwambia ndivyo, inatosha kabisa.

Tulipotoka, kaka akaanza ubishi. Kwake yeye wale wakulima hawakufika mwisho. Kifungu kinamwomba mfalme, kwa unyenyekevu mkubwa, atafute njia ya kuwageuza watumwa kuwa raia wenye manufaa kwa ufalme. Manufaa ya nani? Nani aliomba kuwafaa? Tena Ufaransa ilifuta utumwa 1794, walowezi wa Île de France wakawafukuza waliotumwa kutekeleza, Napoleon Bonaparte akaurudisha 1802, na watu wakangoja hadi 1848. Kalamu ya kijiji ilisaidia nini?

Nikamwambia, kaka, mwaka ule wenye elimu na mabaraza walikuwa wakihesabu faida ya sukari. Mtu anayelia njaa yake, akasimama katikati ya kilio akamtaja mwenzake asiyemjua, mimi simdai ukamilifu. Sultani wangu alinijua na akaniuza.

Akasema hiyo ni hoja ya kumhurumia Mzungu. Nikamwambia awashe gari. Tukabishana njia nzima mpaka Ronchamp, kilomita chache tu mbele, tulikotaka kuona kanisa lililobuniwa na msanifu majengo Le Corbusier juu ya kilima. Tulikuta geti limeshafungwa, na kaka alikuwa hajakubali hata neno moja.