Siku Moja ya Fundi wa Kuitwa, Kisumu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mamboleo. Vyombo viko tayari, simu imejaa chaji, na sijui leo nitafanya kazi wapi. Mimi ni fundi wa friji na AC. Nina mikataba mitatu ya kuitwa: hoteli moja Milimani, kliniki moja mjini, na mama mmoja wa samaki kule Dunga. Imeandikwa ada ya kufika, bei ya saa, bei ya usiku. Haijaandikwa popote kwamba nitaitwa. Wapo wanaosaini karatasi kama hiyo wakakimbilia mkopo wa pikipiki. Kwangu ni orodha ya bei yenye sahihi, basi.

Saa mbili. Hoteli inapiga: chumba cha baridi kimepanda hadi digrii 11. "Fundi, njoo tu, karatasi tutamalizana." Namjibu, "Sawa bosi, natoka. Nitumie namba ya oda kwa WhatsApp." Kazi isiyo na oda mhasibu haijui. Namba inaingia tuktuk yangu ikipita Kondele.

Saa tatu. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaofuata taa usiku wamejazana kwenye kondensa, sehemu inayotoa joto nje. Joto halina pa kutokea, presha inapanda, kompresa, pampu ya gesi ya mashine, inajizima. Nazima umeme, naosha kwa brashi na maji, kisha nabadilisha kapasita iliyovimba, ile inayosaidia mota kuwaka. Nawashauri pia wahamishe ile balbu iliyo juu ya mashine. Ndiyo, najipunguzia wito, lakini mteja anayeniita kila wiki kwa tatizo lilelile hataongeza mkataba. Nasainiwa kadi ya kazi: saa ya kuingia, saa ya kutoka.

Saa saba, ugali na omena Kibuye.

Saa nane, kliniki. Mkataba unaisha, na afisa wa ununuzi ameongeza kifungu: niwe nimefika ndani ya saa mbili, usiku na mchana, wikendi pia. Malipo ya kungoja? Hakuna. "Mama," namwambia, "nikikosa kwenda kwetu Seme Jumapili kwa ajili ya friji yenu ya chanjo, hiyo Jumapili mmeinunua." Anacheka, lakini anapiga hesabu. Hapa ndipo wengi wetu hulegea, tukiogopa kupoteza mteja. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37, humtazama kibarua aliyefanya kazi mwezi mfululizo kama mtu wa mshahara wa mwezi. Mkandarasi wa kujitegemea kama mimi hana kinga hiyo. Kinga yangu ni kile nilichokubaliana kwenye karatasi. Tunaafikiana: wikendi walipe ada ya kuwa tayari, niitwe nisiitwe. Siku za kazi, nifike ndani ya saa nne.

Saa kumi na moja. Ankara ya hoteli kupitia eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya. Tangu Januari 2024, bila hiyo mteja hawezi kuihesabu gharama yake kwa KRA, kwa hiyo siiruki. Malipo ni ndani ya siku 30.

Saa mbili usiku. Mama wa Dunga: friza imenyamaza, sangara wamejaa. Niko mbali, na mkataba unaniruhusu kutuma fundi mwingine aliyehitimu. Nampigia mwenzangu wa Nyalenda, namsomea bei ya usiku, anakubali. Mama atanilipa mimi, kwa sababu mkataba ni wangu. Mwenzangu atadai kwangu.