Poromoko la tatu hatukuliona

Jana mpwa wangu alikuwa anapekua picha kwenye simu yangu, akafika zile za mtoni, akauliza, "Shangazi, si mlisema maporomoko yako matatu, mbona naona mawili?" Nikamjibu kifupi tu kwamba mvua ilituzuia, naye akaendelea na mambo yake, ila mimi nimeamka leo na ule mto kichwani.

Ni ile safari niliyoenda na dada, na yule mzee aliyetuongoza. Manyunyu yalianza hata hatujaingia njiani, na karibu kila tuliyepishana naye alikuwa anarudi. Dada akasema mvua ndo siku yenyewe ya kwenda, ukienda wakati wa jua kali unakuta uzi wa maji kwenye mwamba, na ni kweli kabisa. La kwanza tukaliona, zuri, tukapiga picha tukaondoka.

La pili ndo lilinishika. Unalisikia kwanza, tena unalisikia kifuani kabla ya masikioni, halafu unakata kona upepo unakupiga usoni, upepo unaotoka kwenye poromoko lenyewe kwa vile maji yakishuka yanasukuma hewa, kwa hiyo majani yote ya karibu yanatikisika muda wote hata kama msitu mzima umetulia. Chini pale kuna mawe makubwa kama nyumba. Mzee akatuonyesha kwa fimbo, "Haya yalikuwa kule juu wanangu. Maji yanakula chini, juu kunabaki kunaning'inia, siku inafika kunakatika." Yani mwamba mgumu uko juu, laini uko chini, maji yanauchimba ule laini, na kila kipande kikianguka poromoko linakuwa limerudi nyuma kidogo, kuelekea mto unakotoka. Baadaye nikaja kusoma kwamba hata Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Victoria kwenye mto Zambezi, nayo yamekuwa yakirudi nyuma, yale makorongo ya zigizaga yaliyo chini yake ni sehemu ambazo poromoko lilikuwepo zamani, na nikamkumbuka mzee na fimbo yake.

Sasa kuna kitu alifanya tulipofika pale ambacho mimi nilikiona nikakipuuza. Alikata kijiti akakichomeka kwenye mchanga, pale pale maji yalipoishia, hakusema kitu. Sisi tukakaa, tukakamua soksi, dada akawa anaweka simu kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu ili ufike la tatu lazima uvuke, kuna mawe yamejipanga na maji yanapita katikati. Tukasimama twende. Mzee hakusimama, alikuwa anaangalia kijiti. Kilikuwa ndani ya maji. Sio kimelowa, kilikuwa ndani kabisa, kinatetemeka, na maji yamekizunguka pande zote. Nikatazama mto, rangi ilikuwa imebadilika, maji yaliyokuwa meupe unaona kokoto chini yamekuwa ya udongo, halafu majani makavu yakaanza kupita, vijiti, povu la kahawia limeshikana na takataka, na sauti imekuwa nzito zaidi. Na pale tulipo bado ni manyunyu yale yale! Mvua yenyewe ilikuwa inanyesha huko juu, kwingine kabisa, sisi hatuioni.

Dada akamwambia, "Mzee si ni hatua chache tu, maji yenyewe hayajafika magotini."

"Kwenda tutaenda mama. Nawaza kurudi."

Akachukua begi la dada akalibeba yeye, akaanza kushuka njia tuliyojia, basi tukamfuata. Njia ilikuwa utelezi mtupu, tukawa tunashika mizizi, hakuna aliyeongea. Tulipofika kwenye la kwanza lilikuwa poromoko lingine kabisa, pana, la kahawia, na lile jiwe tulilosimama kupigia picha halionekani.

Maji yakiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma inakuwa mara nne, ndo maana yanaweza kukuangusha hata kama hayajafika magotini. Hili nalijua sasa. Dada pia analijua, na bado anaamini kwamba tungevuka haraka tungeliona na kurudi salama. Mimi siamini, ila siwezi kumthibitishia, maana hatukukaa pale kuangalia yalipanda haraka kiasi gani.

Nilichoshindwa kumweleza mpwa wangu ni kwamba mvua ile ile inayolifanya lile la tatu liwe kitu cha kutazama ndo inayofunga kivuko chake. Dada anataka twende kiangazi, tuvuke kwa amani hata kama maji ni kidogo. Mimi nataka mvua zikianza tu, kabla ardhi haijashiba, na nataka tumtafute mzee yule yule. Tumeshabishana hadi tumechoka, tarehe hatujapanga.