Hana lugha, au hana usemi?

Miaka minne iliyopita nilipewa ripoti ya mwanangu, mstari wa tatu umeandikwa "mtoto hana lugha". Iliniuma sana jamani. Maana asubuhi ya siku hiyo hiyo nilimwambia kalete viatu vyako vyekundu vile vya chini ya kitanda, akaenda akavileta, sasa asiye na lugha anaelewaje yote hayo?

Nilipoanza kusoma mambo ya mawasiliano saidizi na mbadala, yaani njia za kuwasiliana bila kutegemea mdomo peke yake, kama ubao wa picha na alama ambazo mtoto anazigusa, ndo nikaona pale vimechanganywa vitu vitatu. Usemi ni sauti inayotoka mdomoni. Lugha ni ule mfumo ulioko kichwani, maneno na jinsi yanavyoshikana. Na mawasiliano ni mapana kuliko yote hayo, mtoto akikutazama halafu akatazama mlango ameshakwambia tutoke. Mwanangu alikosa usemi tu. Ndo maana siku hizi watu wengi wanaotumia njia hizi wanataka waitwe watu wasiozungumza, sio watu wasio na maneno, kwa sababu maneno wanayo.

Hata hilo jina lenyewe la "saidizi na mbadala" linatisha wazazi. Saidizi maana yake inaongezea usemi uliopo, mbadala inashika nafasi yake, na mtu mmoja anaweza kuhitaji zote mbili kwa siku moja. Lakini mzazi akisikia "mbadala" anadhani ndo tumekata tamaa na mtoto hatazungumza tena, wakati tafiti hazijaonyesha kwamba ubao au tableti inazuia usemi, na kuna watoto usemi wao uliongezeka baada ya kuanza kutumia.

Sasa kuna nadharia moja iliyobadilisha kabisa ubao wetu. Alama hupangwa kwa jinsi zinavyojieleza: kuna ambazo ukiona tu umejua, kuna ambazo ukishaambiwa maana unasema aah kumbe, na kuna ambazo hata ukiambiwa huoni uhusiano wowote. Ubao wangu wa kwanza ulijaa zile rahisi, mpira, kikombe, kitanda. Lakini hebu chora "bado". Chora "tena". Haichoreki! Na maneno ya namna hiyo ndo yanayobeba mazungumzo, maana maneno mia chache tu yanafanya karibu 80% ya yale tunayosema kila siku na mengi kati ya hayo sio majina ya vitu. Nilikuwa nayaacha nikidhani hayamfai.

Wakati ushahidi upo tangu zamani. Charles Bliss alitoa alama zake mwaka 1949 akiota maandishi ya dunia nzima, halafu mwaka 1971 huko Toronto zikaanza kufundishwa kwa watoto wenye mtindio wa ubongo, alama nyingine ni mistari na duara tu hazifanani na kitu, na watoto wakazishika. Alama inafundishika kama neno lolote, kwa kuiona ikitumika. Kwa hiyo mimi ndo natakiwa kugusa "tena" kila ninaposema tena, bila kumdai ajibu. Mtoto anayezungumza husikia maneno karibu mwaka mzima kabla hajatoa la kwanza, wetu tunampa ubao leo kesho tunataka sentensi, kwa kweli hatumtendei haki.

Na Kiswahili kina lake. "Sitaki" ni neno moja lina nafsi, ukanushi na kitenzi humo humo, ukifuata ubao uliopangwa kwa Kiingereza mtoto anabonyeza mara tatu. Mimi nimeliweka zima, kitufe kimoja, kwenye kona anayoifikia haraka.

Kitu kingine, mwaka 1988 Janice Light, mtafiti wa mawasiliano haya, aliandika kwamba tunawasiliana kwa sababu nne: kueleza haja, kupeana taarifa, kujenga ukaribu, na adabu. Nikautazama ubao wetu, wote ni haja! Nataka hiki, nipe kile. Hakuna hata sehemu ya kuniambia nimemuudhi, au kuniita tu nikae karibu naye.

Wiki hii nimeongeza "kumbe", "subiri", "njoo", "umekosea" na "acha kuniuliza". Jana usiku amebonyeza "umekosea" mara mbili nikiwa namsomea hadithi, na kweli nilikuwa nimeruka ukurasa.