Umepata 45 kwenye SQ? Toleo lipi?

Mtu akikuambia amepata 45 kwenye SQ (Systemizing Quotient), hojaji ya kupima mwelekeo wa kufikiri kimifumo, yaani kuchambua vitu kwa kanuni zinazoviendesha, muulize kwanza amejaza toleo lipi. Lile la 2003, la mwanasaikolojia Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge, lina kauli 60, lakini zinazohesabiwa ni 40 tu. Nyingine 20 ni za kujazia, ili mjazaji asing'amue haraka kinachotafutwa. Alama ya juu kabisa ni 80. SQ-R ya 2006, yaani toleo lililorekebishwa, ina kauli 75, zote zinahesabiwa, na mwisho wake ni 150.

Wastani wa 2003 ulikuwa 30.3 kwa wanaume na 24.1 kwa wanawake. Wa 2006, 61.2 na 51.7. Kwa hiyo 45 ileile ni alama ya juu kwenye toleo la 2003, na kwenye la 2006 iko chini ya wastani wa wanaume na wa wanawake pia.

Kwenye kuhesabu ndiko wengi huteleza. Ukikubali sana unapata 2, ukikubali kidogo 1, ukikataa, kwa kiasi chochote, 0. Kauli zilizogeuzwa, mathalani inayosema huvutiwi kujua mawasiliano yasiyotumia waya yanavyofanya kazi, huhesabiwa kinyume: anayekataa ndiye anayepata alama. Kosa la kawaida kwenye Excel ni kujumlisha majibu manne, yaliyopewa namba 1 hadi 4, kama yalivyoingizwa. Kwa SQ-R hapo hakuna awezaye kupata chini ya 75, na kauli zilizogeuzwa zinavuta jumla upande usio wake.

Ukiitafsiri kwa Kiswahili, kaa chonjo na ukanushi. Sisi tukiulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala." Sasa mtu asome "Sipendezwi na ramani" kisha achague kati ya "nakubali" na "sikubali": baadhi watajibu kinyume cha walichokusudia. Wape watu wachache wajaze mbele yako, kisha kila mmoja aeleze kwa maneno yake jibu lake lina maana gani.

Hojaji hii hupima mtu anavyojieleza, si uwezo wake. Toleo la kwanza liliegemea mambo yaliyozoeleka kuwa ya wanaume, ndiyo sababu likarekebishwa. Hata hivyo, fundi cherehani anayegeuza vipimo vya mwili kuwa vipande vya kitambaa anaweza kuambulia alama chache kwa kuwa tu ameulizwa habari za reli. Na 77.2, wastani wa wenye usonji katika utafiti wa 2006, si mstari wa kumpimia mtu mmoja mmoja; alama za wenye usonji na za wasio nao zinaingiliana mno.