Nilivyofikisha intaneti kwa Mama kupitia waya za umeme

Nyumba yetu ya Himbi, mtaa wa hapa Goma, ni ya mawe ya lava, yale meusi yenye vitundu. Ukuta ni mnene kama mkono wangu toka kiwiko hadi vidole, na wifi ya sebuleni inafia humo. Mama anakaa nyumba ndogo ya nyuma. Televisheni niliyomnunulia ilikuwa inazungusha kiduara kila misa ikifika kwenye mahubiri.

Fundi wa kwanza aliniambia, "Papa, weka ripita tu." Nikaweka, dola ishirini na kitu zikaenda. Ripita inarudia inachopokea. Ikipokea kidogo, inatoa kidogo. Mpaka leo inaniuma, maana ukuta ule aliugonga kwa ngumi mbele yangu. Mwingine akataka tuchimbe uani tupitishe kebo. Aliyewahi kuchimba choo Goma anajua chini kuna nini: lava ngumu.

Ndipo nikawaza: si waya za umeme tayari zinafika kwa Mama? Shemeji akaniletea toka Kampala jozi ya adapta za kupitisha intaneti kwenye waya za umeme, kama dola hamsini hivi. Moja inakaa karibu na ruta, nyingine kwenye televisheni, unabonyeza kitufe zishikane. Hakikisha tu nyumba zote mbili ziko kwenye mita moja.

Jioni ya kwanza nilishindwa kabisa. Zina miguu mitatu ya Kiingereza, prizi zetu haziipokei, basi nikazichomeka kwenye multiprizi zenye kinga ya umeme mkali, na ya sebuleni ikapitia stabilizeta, kile kifaa cha kutuliza umeme. Taa ya adapta yenye picha ya nyumba, ya kuonyesha zimeshikana, ikakataa kuwaka. Nikabonyeza, nikachomoa, nikabadilisha kebo, saa tatu mpaka saa tano usiku, Mama akiniuliza toka kitandani, "Mwanangu, bado?" "Bado, Mama."

Asubuhi nikatafuta vichwa vya kubadilishia miguu, nikazichomeka zote mbili sebuleni, ukutani moja kwa moja. Zikashikana papo hapo! Kumbe ni nzima, kizuizi kiko njiani. Data ya adapta hizi inapanda juu ya umeme wa hertzi 50 kwa masafa ya megahertzi 2 na zaidi, na kinga ile huyachuja kama uchafu. Sasa adapta zinakaa ukutani peke yake, stabilizeta inalinda televisheni tu.

Kwa Mama taa iliwaka rangi ya chungwa badala ya kijani, na jioni picha ilikuwa inaganda. Nikapita nikichomoa kifaa kimoja kimoja, jicho kwenye taa. Friji, hakuna kitu. Redio, hakuna. Nilipogusa chaja ya simu ya binti yangu, ile ya bei ya barabarani, nikaichomoa, taa ikageuka kijani hapo hapo. Nilishangilia mpaka watoto wakaja mbio. Hiyo chaja haijarudi kwenye prizi ile.

Ile kasi ya megabiti 600 kwa sekunde ya kwenye boksi usiitegemee. Tundu la kebo lenyewe linaishia megabiti 100, na kwa Mama napata 25 mpaka 35, zinazotosha sana kwa picha safi. Umeme ukikatika, kila kitu kinazima. Hilo bado sijalipatia dawa.

Jumapili iliyopita Mama alifuata misa mpaka baraka ya mwisho, halafu akaniita dirishani: "Mwanangu, leo Padri amemaliza."