Kadi ndani ya soksi: tunavyotangaza habari za maveterani wanaolala nje San Diego

San Diego, Marekani, ni mji wa jeshi. Manowari ziko bandarini na helikopta zinapita juu kutwa, kwa hiyo hakuna asiyejua kwamba wapo wanajeshi wa zamani wanaolala barabarani. Wasichojua watu ni la kufanya. Bango la kituo cha basi lenye mzee, bendera na machozi hupata huruma ya dakika mbili, kisha basi linafika.

Kwanza tulibadilisha swali. Ukimuuliza mtu "Wewe ni veterani?" utapata "hapana" nyingi zisizo za kweli. Ambaye hakwenda vitani hudhani neno halimhusu, wanawake wengi vilevile, na aliyeachishwa vibaya huona aibu. Uliza: "Uliwahi kutumikia jeshini?" Hayo ndiyo maneno ya juu ya kadi tunayowagawia barabarani, kwa herufi nene. Chini yake ipo namba moja tu, 877-424-3838, simu ya bure ya VA (idara ya serikali inayohudumia wanajeshi wa zamani) kwa maveterani wasio na makazi, usiku na mchana. Kadi ya kwanza ilikuwa na namba tano, na watu walikuwa wakituuliza waanze na ipi.

Kadi iwe kama ya benki kwa ukubwa, karatasi nene, upande mmoja usiong'aa ili paandikike kwa kalamu. Wino wa printa ya nyumbani huchuruzika kwa umande. Tumia ya leza. Tunaikunja ndani ya soksi mpya nyeusi, jozi moja kadi moja, maana soksi ndizo zinazoisha upesi kwa mtu anayetembea kutwa na hana pa kufulia. Gawa kadi bila soksi uone: utaiokota hatua ishirini mbele.

Usimwambie mtu akatafute kwanza DD-214, ile karatasi ya kuachishwa jeshi. Wengi waliipoteza zamani, na VA wana njia zao za kuhakiki. Apige simu kwanza.

Nusu ya muda wetu lakini huenda kwa wenye nyumba, na hapa ndipo matangazo mengi hayafiki. Programu ya HUD-VASH humpa veterani vocha ya pango pamoja na mhudumu wa VA wa kumfuatilia; mpangaji huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake. Bila mwenye nyumba aliye tayari, vocha ni karatasi tu. Tunawaendea wenye vyumba vichache, kwa ukurasa mmoja unaojibu maswali matatu: nani analipa, pesa zinaingia lini, na nimpigie nani mpangaji akileta shida. La ukaguzi liseme mapema. Nyumba haikubaliwi kabla haijakaguliwa, na kila wiki inayokaa tupu ni hasara yake. Tulipolipitia juu juu, walijitoa katikati.

Novemba 11, Siku ya Maveterani, kila mtu anahutubia. Sisi siku hiyo tunakaa na kalamu na daftari, tunaandikisha watu wa kujitolea kuhesabu Januari, kwani hesabu ya kitaifa ya wasio na makazi hufanywa usiku mmoja katika siku 10 za mwisho za mwezi huo. Tukiandikisha tunataja takwimu mbili: maveterani wasio na makazi 74,087 nchi nzima mwaka 2010, na 32,882 mwaka 2024. Anayesikia kwamba idadi imeshuka hujitolea kirahisi kuliko anayeambiwa hali ni mbaya. Na akishazunguka na tochi saa kumi alfajiri, akachungulia magari yenye vioo vilivyojaa mvuke, jirani zake atawaambia mwenyewe.

Nyuso hatupigi picha, hata mtu akikubali. Kesho anaweza kuwa anaomba kazi.

Mabango ya vituo vya basi tunayabadilisha kila baada ya wiki tatu. Jua la hapa hula rangi nyekundu kwanza, na bango letu la mwanzo lilikuwa na namba ya simu kwa nyekundu.